Kilifi hadi Kathmandu: kwa reli na gari miongoni mwa wahumanisti wa Asia

Nimerudi, nimepumzika, na sasa nimeweka mezani daftari la safari na picha za simu ili niyapange mambo siku kwa siku kabla hayajachanganyika. Wengi mmeniuliza nilifuata nini India na Nepal. Nilifuata watu wanaofanya kazi kama yangu.

Hapa Kilifi, pwani ya Kenya, niko katika kikundi cha wasaidizi wa kisheria, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni wazee wanaosingiziwa uchawi. Mzee ana mvi, ana shamba, mtoto wa jirani anaugua, basi maneno yanaanza. Wengine huuawa. Waliowahi kutoroka hukimbilia Kaya Godoma, makao ya kuwahifadhi wazee kule Ganze, wakaishi mbali na minazi waliyoipanda wenyewe. Nilipoanza kutafuta jinsi nchi nyingine zinavyomshughulikia anayesingizia, nilikuta kwamba Asia ya Kusini wana sheria za jambo hilo hasa, na kwamba miongoni mwa wanaopambana na ushirikina huko wapo wahumanisti na warazini: watu wanaoshikilia kuwa wema na haki vinasimama juu ya utu na akili ya binadamu, bila kuegemea miujiza. Kikundi kimoja kidogo cha Lalitpur, mji jirani na Kathmandu, Nepal, kilikuwa kinaandaa mkutano wa siku mbili na wenzao wa nchi jirani. Niliwaandikia kuomba nakala ya sheria yao, wakanijibu kwa mwaliko. Nauli juu yangu, malazi na chakula cha mkutano juu yao. Nikaona nipite nchi kavu, nionane na wengine njiani.

Jumamosi, Novemba 9, 2024. Kilifi, Mombasa, Nairobi

Matatu mpaka Mombasa, kisha treni ya SGR ya saa tisa alasiri kutoka Miritini. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,500, nauli ilikuwa imepandishwa mwanzoni mwa 2024. Nililala kwa shangazi Embakasi.

*Kwa atakayefuata:* India haikuruhusu kuingia kutoka Afrika Mashariki bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Wasio na cheti hutengwa. Viza ya India iombe kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kwani zipo nyingi zinazofanana nayo ambazo ni za madalali. Wakati ule, ukiwa na viza ya mtandaoni hukuweza kuingia India kwa mpaka wa nchi kavu, ila kutoka uliweza. Ndiyo maana nilianzia India nikamalizia Nepal. Tiketi ya ndege, kwenda Mumbai na kurudi kutoka Kathmandu, ilinigharimu karibu shilingi 95,000.

Novemba 10 na 11. Nairobi, Mumbai, Pune

Ndege ilichelewa saa tatu na nusu bila maelezo. Kando yangu alikaa mama wa Kigujarati mzaliwa wa Nakuru, anakwenda kwa dada yake. Alifungua kopo la thepla, chapati nyembamba za Kigujarati, na achari ya embe akaligawa safu nzima ya viti, mpaka kwa yule kijana wa usafi. "Kula, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili safi kuliko cha Nairobi, "hawa watatuweka hapa mpaka njaa itutoe roho."

Saa za Mumbai ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Niliingia alfajiri, nikalala hotelini mpaka mchana, kisha nikaenda stesheni kuu, ile kubwa ya mawe inayoitwa CSMT. Jimbo la Maharashtra lilikuwa linaelekea uchaguzi wa Novemba 20, na kila nguzo ilikuwa na sura ya mgombea aliyekunja mikono. Nilipanda Deccan Queen ya saa 11 na dakika 10 jioni. Treni inapanda milima ya Ghats, mahandaki yanafuatana, na wachuuzi wanapita na vada pav: kiazi kilichokaangwa ndani ya mkate, na pilipili kali pembeni. Lonavala wanauza chikki, ambayo kwetu ni kashata za njugu na si kingine. Nilinunua pakiti tatu.

Novemba 12 na 13. Pune

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwenye daraja la Vitthal Ramji Shinde, karibu na hekalu la Omkareshwar. Hapo, Agosti 20, 2013, daktari Narendra Dabholkar alipigwa risasi akiwa katika matembezi yake ya asubuhi. Mwaka 1989 alianzisha shirika la kutokomeza ushirikina Maharashtra, na kwa miaka mingi alikuwa akiidai serikali ya jimbo sheria dhidi ya ukatili unaofanywa kwa jina la uchawi na nguvu za kimiujiza. Siku chache baada ya kuuawa kwake serikali ikatoa amri ya dharura, na Desemba mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha sheria. Baada yake waliuawa waandishi wengine wakosoaji: Govind Pansare na M. M. Kalburgi mwaka 2015, na Gauri Lankesh mwaka 2017. Mei 2024 mahakama ya Pune iliwahukumu kifungo cha maisha watu wawili waliompiga Dabholkar risasi, ikawaachilia wengine watatu.

Nilisimama pale kwa muda. Pikipiki zinapita, watu wanakwenda kazini. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinieleza jambo nililotaka kulisikia kutoka kwa mtu aliyekuwapo: Dabholkar hakuwa akigombana na mtu kwa kumwamini Mungu wake. Alikuwa akigombana na anayemla mgonjwa fedha, anayempiga mwanamke kumtoa pepo, anayemzuia mtoto aliyeumwa na nyoka asipelekwe hospitali.

Jioni alinipeleka kitongojini, nje ya mji, ambako vijana wa kujitolea walikuwa wanafanya maonyesho kwa watoto wa shule na wazazi wao. Kijana mmoja alivaa kama mtu mtakatifu, akaweka nazi mbele yake, akasoma maneno, akamimina "samli". Nazi ikashika moto. Kina mama waliziba midomo. Kisha akala kafuri inayowaka. Baada ya hapo akavua kilemba, akajitambulisha kuwa ni fundi wa umeme, akaeleza. Katika nyuzi za nazi alikuwa ameficha ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, potasiamu pamanganeti, na samli yenyewe ilikuwa gliserini. Vikikutana vinawaka vyenyewe. Na kafuri haiunguzi ulimi wenye mate ukiifunga midomo upesi. Kisha akawaita watoto wakubwa wawashe nazi wenyewe, mmoja mmoja, huku mwalimu ameshika ndoo ya mchanga.

Nilimuuliza kwa nini haelezi huku anafanya. Akasema mtu lazima kwanza aone jinsi macho yake mwenyewe yalivyodanganywa, ndipo atakapomtilia shaka mwingine kesho. Nimeandika hilo daftarini na kulipigia mstari. Sisi Kilifi huwa tunakwenda vijijini na karatasi za sheria.

Baada ya maonyesho kila nyumba ilitaka nile kwao. Nilikula katika mbili.

Novemba 13 hadi 16. Pune, Vijayawada

Konark Express kutoka Pune jioni, behewa la kulala lenye kiyoyozi, kama rupia 1,400. Rupia moja ya India ilikuwa kama shilingi moja na nusu ya Kenya. Usiku mzima na asubuhi yote ni nyanda kavu na mashamba ya pamba, sina la kusimulia.

*Kwa atakayefuata:* tiketi za treni ndefu hujaa wiki nyingi kabla. Ukipata tiketi ya kusubiri ambayo haijathibitishwa, usijitie matumaini, tafuta basi. Nguo nzito kidogo ni lazima ndani ya behewa lenye kiyoyozi, hata kama nje kuna joto la kuchemsha.

Vijayawada ni mji wa mto Krishna, na joto lake lilinikumbusha nyumbani. Mwanzoni mwa Septemba mto mdogo wa Budameru ulifurika ukazamisha mitaa mizima. Dereva wa bajaji alinionyesha mstari wa tope ukutani, juu ya kichwa chake, na akakataa nyongeza ya nauli kwa sababu, alisema, mgeni aliyefika baada ya mafuriko ni baraka.

Nilikuja kuona Atheist Centre, karibu na mzunguko wa Benz Circle. Goparaju Ramachandra Rao, ajulikanaye kama Gora, na mkewe Saraswathi walikianzisha mwaka 1940 kijijini Mudunuru, kikahamia Vijayawada mwaka 1947. Walianza na mambo ya mezani na jikoni. Waliandaa karamu ambazo watu wa matabaka yote waliketi na kula pamoja, wakiwemo wale ambao wengine hawakuthubutu hata kuwagusa. Saraswathi akiwa mjamzito alitoka nje kutazama kupatwa kwa jua, jambo ambalo kila mtu alimwambia lingemharibu mtoto. Bibi yangu pia alikuwa akiwafungia wajawazito ndani jua likipatwa, kwa hiyo najua uzito wa hatua ile.

Mzee aliyenizungusha aliniuliza, kwa upole, kama mimi naamini. Nilimjibu kweli: ndiyo, naswali. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Badala yake alivuta kiti akanisimulia habari za Gora na Gandhi, mkana Mungu na mtu wa sala, walivyozungumza mara nyingi miaka ya mwisho ya uhai wa Gandhi. Waliachana katika imani wakakutana katika kuvunja utengano wa matabaka. Binti wa Gora, Manorama, aliolewa na Arjuna Rao, kijana wa tabaka lililodharauliwa kuliko yote. Harusi ilipangwa ifanyike Sevagram, kwenye makazi ya Gandhi. Gandhi akauawa Januari 1948, na harusi ikafanyika palepale mwaka huohuo.

"Ukienda Kathmandu," mzee akasema, "utakuta watu wanapoteza asubuhi nzima kuulizana nani ana Mungu na nani hana. Wewe waulize nani amekaa na yule mwanamke aliyesingiziwa uchawi, kule hospitali."

Chakula: wali kwenye jani la mgomba, chatne ya majani makali ya gongura, wanakuongezea mpaka ufunike jani mwenyewe. Rupia 150. Asubuhi kula pesarattu, mkate mwembamba wa choroko. Hoteli za karibu na stesheni ni za kelele. Tafuta upande wa Patamata.

Novemba 16 hadi 18. Vijayawada, Kolkata

Coromandel Express kwenda kaskazini. Tulipita Bahanaga, Odisha, mahali ambapo Juni 2, 2023 treni tatu ziligongana wakafa watu zaidi ya 290. Abiria waliolijua eneo hilo walinyamaza, mwanamke mmoja akagusa dirisha kwa kiganja. Treni inaishia Shalimar, na kutoka hapo kwenda ng'ambo ya mto Hooghly panda kivuko, nauli yake ni ya sarafu chache.

Kolkata nilikuwa na mchana mmoja tu. Mwenyeji, mchapishaji wa jarida dogo la Kibengali, alinikaribisha chai katika mkahawa wa Coffee House, mtaa wa vitabu wa College Street. Kwake ushirikiano wa kikanda una maana ya karibu sana: Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ni lugha ileile, vitabu vilevile. Alimfahamu Avijit Roy, mwandishi mkana Mungu mzaliwa wa Bangladesh, kwa maandishi tangu tovuti yake ya Mukto-Mona ilipoanza mwaka 2001, na alikuwa akisoma habari za maonyesho ya vitabu ya Dhaka usiku wa Februari 26, 2015, pale taarifa zilipoingia kwamba Roy amekatwa mapanga njiani akitoka huko, na mkewe Bonya Ahmed amejeruhiwa vibaya. Wenzake wa upande wa pili walikuwa wakija Kolkata kwa basi. Tangu misukosuko ya kisiasa ya Bangladesh ya Agosti 2024, India ilikuwa imepunguza sana viza kwa Wabangladeshi. Watu waliokuwa wakikutana kwa safari ya siku moja wakawa hawaonani.

"Kwa hiyo tunakutana Kathmandu," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkutano ule uko Nepal.

Alinisindikiza mpaka stesheni ya Howrah akiwa amebeba begi langu kichwani, mtu wa miaka sabini, akakataa katakata kunirudishia.

Novemba 18 hadi 20. Howrah, Raxaul, Birgunj

Sikukuu ya Chhath ilikwisha Novemba 8, na treni zinazotoka Bihar zilikuwa zimejaa watu wanaorudi makazini. Yangu, Mithila Express, ilikuwa inaelekea Bihar, nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Familia moja ilinipa thekua zilizobaki za sikukuu, biskuti ngumu za unga na sukari guru.

*Mpaka wa Raxaul:* ofisi ya uhamiaji ya India ni rahisi kuipita bila kuiona kwa sababu Wahindi na Wanepali wanavuka bila kugongewa muhuri. Wewe usivuke bila muhuri wa kutoka. Upande wa Nepal viza ya siku 15 ni dola 30, ya siku 30 ni dola 50. Beba dola taslimu na picha ndogo. Noti kubwa za rupia ya India zilileta shida Nepal wakati ule, kwa hiyo nilibadili nikabaki na noti za 100. Rupia ya Nepali ilikuwa karibu sawa na shilingi ya Kenya, hesabu zinakuwa rahisi. Saa ziko mbele ya India kwa dakika 15.

Birgunj ni vumbi, malori na honi. Nililala usiku mmoja hapo kwa ajili ya mtu mmoja. Wenyeji wa mkutano waliniunganisha na mwanamke ninayemwita didi, yaani dada, kama wote wanavyomwita, anayefanya kazi ya usaidizi wa kisheria vijijini katika tambarare za Tarai. Huko wanaosingiziwa uchawi wengi ni wanawake, na wengi wao ni maskini wa tabaka la chini kabisa, Dalit, wajane. Hupigwa, na hulazimishwa kula kinyesi. Nepal ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaowasingizia na kuwatesa mwaka 2015, kisha kosa hilo likaingizwa pia katika kanuni ya adhabu iliyoanza kutumika 2018. Upande wa pili wa mpaka, Bihar ilikuwa na sheria yake tangu 1999, Jharkhand ikaifuata 2001, Chhattisgarh 2005, Assam ikapitisha yake 2015.

Tulikaa sakafuni kwake tukilinganisha mafaili, yeye kwa Kibhojpuri na binti yake akitafsiri. Nilimsomea Sheria yetu ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyoandikwa na serikali ya kikoloni, ambayo macho yake yako zaidi kwa anayejidai kuwa na nguvu za uchawi kuliko kwa anayemwangamiza mzee. Akatikisa kichwa. Akanionyesha fomu yake ya kwanza anayoijaza kesi ikifika. Haina swali hata moja kuhusu uchawi. Inauliza: nani alikuwa na ugomvi wa ardhi nawe? Nani alianza kusema, na siku gani? Nani aliona? Unalala wapi leo? Swali la mwisho ameliandika kwa kalamu nyekundu.

Alipika wali, dengu na mboga, na achari ya figili. Nilipotoa fedha binti yake alicheka akanirudishia mkononi.

Kesho yake nilipanda gari la abiria aina ya Sumo kwenda Kathmandu kupitia Hetauda na Kulekhani, rupia 900 za Nepali, abiria kumi. Mvua za mwisho wa Septemba ziliharibu barabara nyingi za Nepal na tulisimama mara mbili kusubiri matingatinga yasukume mawe. Kusimama kwa pili kulichukua karibu saa mbili. Dereva alitumia muda huo kumfundisha mtoto wa abiria kuhesabu malori. *Kaa upande wa kulia ukipenda mandhari, kushoto ukiogopa mabonde.* Wanaosumbuliwa na kichefuchefu wameze dawa Hetauda.

Novemba 21 hadi 24. Kathmandu na Lalitpur

Chumba Thamel, mtaa wa wageni wa Kathmandu, rupia 1,500. Sahani ya dal bhat, wali na dengu, rupia 250, na wanaongeza. Momo, vifuko vya unga vilivyojazwa kitoweo, kila kona. Hewa ya Novemba ina moshi, beba barakoa.

Mita chache kutoka hotelini kwangu liko jengo la makao makuu ya SAARC, jumuiya ya serikali nane za Asia ya Kusini. Wakuu wa nchi hizo walikutana mara ya mwisho mji huuhuu, Novemba 2014. Mkutano uliopangwa kufanyika Islamabad mwaka 2016 haukufanyika, na mpaka sasa hawajakutana tena. Nilipita mbele ya lango lile kila asubuhi nikienda kwenye ukumbi wa kukodi Lalitpur, ambako watu kama ishirini hivi, wa nchi ambazo wakuu wao hawaketi pamoja, walikuwa wanagawana maandazi. Wahindi hawahitaji viza Nepal. Raia wengi wa nchi za SAARC hupewa viza ya siku 30 bure wakifika. Kijana wa Dhaka na yule mchapishaji wa Kolkata walikumbatiana mlangoni wakashindwa kuachiana.

Picha za mkutano sina. Kanuni ya kwanza ilikuwa simu ziwekwe kikapuni. Mmoja wa washiriki alikuwa Pakistan, akajiunga kwa intaneti bila sura na bila jina. Huko kukashifu dini kunaweza kuleta hukumu ya kifo, na umati mara nyingi hausubiri mahakama.

Siku ya kwanza ilikwenda jinsi mzee wa Vijayawada alivyotabiri. Waliandaa tamko, wakabishana juu ya maneno yake mpaka chakula cha mchana kikapoa. Wengine walitaka dini itajwe kuwa ndiyo chanzo, wengine walitaka madhara yatajwe na dini iachwe. Mimi niko na hawa wa pili, nikasema hivyo: wazee wetu wa Kilifi wanatetewa pia na mashehe na mapadri, na tamko la kuwatukana lingetunyima nusu ya watetezi wetu. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba yote yalisemwa kwa Kiingereza. Didi wa Birgunj, aliyewahi kuwatoa wanawake mikononi mwa umati, alikaa kimya asubuhi yote kwa sababu mkalimani alichoka.

Baada ya chai nikaomba didi apewe saa nzima, kwa lugha yake, na sisi ndio tungoje tafsiri. Wakakubali bila kinyongo. Akaifungua ile fomu yake. Kuanzia hapo mkutano ukawa mkutano.

Siku ya pili ilikuwa ya kazi. Mama mmoja wa Ufilipino, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha, alieleza jinsi kikundi chao kinavyolisha watoto mitaani kwanza, maswali ya imani baadaye, na kwa nini majirani Wakatoliki sasa wanawaletea mchele. Mshiriki wa Singapore alieleza faida ya kusajiliwa kisheria: Chama cha Wahumanisti cha Singapore kipo tangu 2010, nchini ambako sensa ya 2020 ilikuta asilimia 20 ya wakazi hawana dini, na mwishoni mwa Agosti 2024 kiliweza kuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa Humanists International, shirika la wahumanisti wa dunia nzima, hadharani, jambo ambalo Dhaka au Karachi haliwezekani. Kwa hiyo aliye salama ana deni kwa asiye salama. Walikaa wakapanga, nchi kwa nchi: mtu akitishiwa usiku, ampigie nani, avukie wapi bila viza, alale kwa nani wiki ya kwanza, nani anaandika barua kwa mabalozi. Karatasi ile haikunakiliwa. Kila mmoja aliisoma akaikariri sehemu yake.

Kisha kijitabu. Warazini wa Maharashtra wana maonyesho ya nazi na kafuri, Wanepali wana fomu ya didi, watu wa Sri Lanka wana kumbukumbu za Abraham Kovoor, aliyeahidi rupia laki moja kwa yeyote atakayeonyesha nguvu za kimiujiza bila udanganyifu. Wakakubaliana kuviweka vyote katika kijitabu kimoja chepesi, kitafsiriwe Kibhojpuri, Kibengali, Kisinhala na Kitagalogi, na mafunzo ya kwanza yafanyike Birgunj, si Kathmandu. Waliniuliza kama kuna atakayekifanya kwa Kiswahili. Nikainua mkono.

Novemba 24 nilizunguka Patan, sehemu ya kale ya Lalitpur, peke yangu. Baadhi ya mahekalu bado yalikuwa na magogo ya kuyategemeza tangu tetemeko la Aprili 25, 2015, na mafundi walikuwa wakichonga mbao upya kwa patasi. Nilitazama mpaka jua likazama.

Novemba 25. Kathmandu, Doha, Nairobi

Uwanja wa ndege wa Kathmandu fika mapema sana. Foleni ndefu ni ya vijana wa Nepal wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, wengine kwa mara ya kwanza, wamevaa shada za maua ya rangi ya machungwa shingoni. Aliyekaa nami alikuwa anakwenda Qatar kujenga. Nilimwambia nina binamu Doha, mlinzi wa maduka. Akataka kujua kama Waafrika wanalipwa sawa nao. Tuliulizana mishahara, makato ya mawakala na muda wa kushikiliwa pasipoti mpaka mhudumu akaleta chakula. Nimempa namba ya binamu.

Hesabu yote, nauli ya ndege ikiwemo, haikufika shilingi 160,000. Kilichokula fedha zaidi baada ya ndege ni treni za kiyoyozi. Ukipanda daraja la kawaida utapunguza zaidi ya nusu ya gharama hiyo ya treni.

Sura ya kwanza ya kijitabu nimeimaliza kwa Kiswahili, na mwenzangu wa Ganze anaipitisha kwa Kigiriama. Gliserini inapatikana kwenye duka la dawa. Potasiamu pamanganeti wanakuuliza ya nini. Maonyesho ya kwanza tunayapanga kwenye shule moja karibu na Kaya Godoma, wazee wenyewe wameomba wakae mstari wa mbele. Fomu ya didi tumeanza kuitumia. Swali lake la mwisho tumelihamisha likawa la kwanza.